Nilisema Naenda Kumwona Wifi

Mpendwa Shangazi Nyangi, naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba unisitiri, jina langu lisitoke, andika tu Mama Gody wa Nyasho, maana akina Mama Gody tuko wengi, na hawa wengine nitakaowataja humu nimewabadilisha majina wote.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, nauza dagaa na mchele kwenye kibanda mbele ya nyumba yangu, na kazi hiyo ni ya kukaa, Shangazi, unakaa kwenye kigoda toka asubuhi mpaka jua linazama, unanyoosha mkono tu kupima kopo, mpaka mwili wangu umekuwa mzito na sijui ulianza lini. Zamani sikuwaga hivi. Nimezaliwa kijiji cha ziwani, nimelima muhogo, nimechota maji na ndoo kichwani, na hakuna mtu aliyeniambia nifanye mazoezi, hilo neno lenyewe nilikuwaga nalisikia kwa mwalimu wa michezo basi. Mwaka huu mwezi wa pili miguu ikaanza kuchoma kama nimekanyaga pilipili, nikaenda hospitali wakapima, wakasema sukari iko juu na presha nayo, na daktari, binti mdogo mpole, akaniandikia dawa akasema mama, dawa peke yake haitoshi, anza kutembea, dakika tano kwenda na tano kurudi, kila wiki ongeza kidogo, ukifika kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi utakuwa umefika pazuri. Nikamuuliza natembea kwenda wapi. Akasema popote.

Hapo kwenye popote ndipo matatizo yalipoanzia, maana wewe ni wa huku huku unajua, huku kwetu mtu mzima haendi popote, mtu mzima anaendaga mahali, na kila anayekutana naye atamsalimia na kumuuliza mahali hapo ni wapi, na asipojibu ni kama ametukana.

Siku ya kwanza nilivaa raba ambazo Gody, mwanangu mkubwa, aliziacha alipohamia Bunda, nikajifunga kanga, nikatoka asubuhi sijala kitu, na nikaanza na mbio kabisa maana nilijua mazoezi ndiyo mbio, sikufika hata barabara ya lami kichwa kikazunguka nikashika ukuta wa watu. Jastin, kijana wa bodaboda wa pale kijiweni, akasimama akasema mama panda haraka, ni nani amefariki, nikamwambia hakuna aliyefariki, niko mazoezini, hakuamini, akanirudisha nyumbani na nauli akakataa, na sijamaliza kikombe cha maji majirani watatu wako mlangoni wamevaa kanga mbili mbili wanauliza msiba uko wapi.

Siku ya pili nikatembea polepole, ndiyo ikawa mbaya zaidi, maana ukienda polepole watu wanapata nafasi ya kukuuliza. Mmoja akasema Mama Gody, raba hizo unamkimbilia nani, mwingine akasema kuna mzee amepatikana huko Kigera mwenzetu anatuficha, nikacheka nao. Lakini wengine hawakutania, walinyamaza wakanifuata kwa macho, na hao ndio walionitisha, kwa sababu mjane anayetoka kila alfajiri mikono mitupu na kurudi mikono mitupu unajua anafikiriwaga nini. Siku ya tatu nikabeba kikapu, wakauliza ninauza nini. Siku ya nne Jastin akaniuliza tena, na bila kupanga mdomo wangu ukasema, naenda Kigera kumwona wifi, hajisikii vizuri.

Shangazi, uongo ule ulinifungulia njia. Utani ukaisha, wale wa kunyamaza wakaanza kunipa pole, hata Jastin akawa ananyoosha mkono magari yasimame nivuke. Nikatembea kwa amani. Wiki ya kwanza nilikuwa nafika kwenye lami, ya pili nikavuka, ya tatu nikafika mashine ya kusaga ya mzee Baltazari kule Kigera, na hapo simu niliyoitega ndiyo inalia, dakika kumi na tano zimetimia, nageuka. Siku tisa mfululizo nimefika hapo. Miguu ikapungua kuchoma, usingizi ukarudi, kliniki wakapima wakasema sukari inashuka, mama endelea hivyo hivyo, nikajiona msichana.

Lakini kila nikirudi naulizwa, mgonjwa anaendeleaje, na mimi ningesema amepona ningetembea kwa sababu gani tena, basi nikawa nasema hivyo hivyo, leo amekula kidogo, leo amekaa nje juani, leo tena mgongo, na ugonjwa ukawa unakua mdomoni mwangu bila mimi kuulisha.

Sasa huyo wifi, nitamwita Ursula, ni mtu wa namna gani, hapo ndipo ninapoumia. Ni dada wa marehemu mume wangu Bernado, walizaliwa wawili tu kwa mama yao, na Ursula hakujaliwa mtoto. Bernado alipolazwa Mwanza miezi saba mimi nikiwa naye kule wodini, Ursula ndiye alihamia kwangu akakaa na wanangu, akawapikia, akawapeleka shule, Gody mpaka leo anamwita mama. Bernado akafa, huu mwaka wa nne. Hatukugombana hata siku moja. Tulikuja tu kuwa watu wa kuonana misibani na Pasaka, mimi na kibanda changu, yeye na bustani yake ya mchicha, na kutoka kwangu hadi kwake siyo mbali.

Jumamosi moja kwenye jumuiya, tumemaliza sala, mwenyekiti wetu Getruda akasimama akasema leo hatutawanyiki, tunaenda kumwona wifi yake Mama Gody, mwenzetu amehangaika peke yake wiki tatu na hajatuomba hata kuni. Nikaona wamejiandaa, kuna unga wa uji, kuku, sabuni, mkaa umefungwa kwenye kiroba. Nilifungua mdomo niseme ukweli, Shangazi, nakuapia, nikaukuta mkavu. Tukatoka wanawake kumi na tisa tunaimba, na mimi wamenitanguliza mbele maana ndiye ninayeijua njia. Tukafika mashineni kwa Baltazari, tukapita, nyumba ya nne kutoka hapo ndiyo ya Ursula, na Ursula tukamkuta uani ameshika shoka anapasua kuni.

Wimbo ukakatika. Ursula akaniangalia. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila aliniangalia kwa muda, halafu akaweka shoka chini taratibu akashika kiuno, akasema karibuni ndani. Akatandika mkeka akakaa, Getruda akamwambia dada kuni tuachie sisi, mgonjwa hapasui kuni, naye akasema nashukuru mmenikumbuka. Wakamwombea. Wakamwekea mikono. Getruda katika maneno yake akasema una bahati ya wifi, sisi tunamwona kila asubuhi anapita kuja kwako, mvua jua, hajakosa. Ursula akauliza, kila asubuhi? Wakamjibu kwa pamoja, kila asubuhi. Hapo machozi yakamtoka, akajifuta na kanga, na wenzangu wakajua ni shukrani wakaanza wimbo mwingine.

Wakati wa kuondoka akanivuta nyuma ya jiko. Akaniuliza kwa sauti ndogo, wifi, ulikuwaga unafika wapi? Nikamwambia hapo mashineni kwa Baltazari. Akasema, nenda, wenzako wanakusubiri.

Tangu siku hiyo ni wiki ya tano, nampigia simu hapokei, nimemtuma Jastin ampelekee samaki, sato wawili, akawapokea kwa adabu akarudisha kikapu kitupu bila neno. Mimi najua kilichomkasirisha, nimemtajia ugonjwa mtu mzima wa afya, na kwetu wazee walitukataza, mtu hatajiwi ugonjwa asiokuwa nao maana ugonjwa una masikio, na yeye sasa akipata hata mafua atasema ni mimi. Kutembea nimeacha, nitasema naenda wapi tena, nimerudi kwenye kigoda, miguu imeanza kuchoma upya na kidole kidogo cha mguu wa kushoto sikisikii vizuri, juzi nimekuta kidonda hapo na sijui nilijikata lini. Gody anasema nihamie kwake Bunda nikae tu anitunze, na mimi karibu nikubali maana Bunda hakuna anayejua habari hii. Nisaidie, Shangazi, nichinje kuku wa kumwondolea yale maneno? Niwaambie jumuiya ukweli au ninyamaze? Nihamie Bunda? Na haya mazoezi, au ni ya wasomi na watu wa ofisini, sisi wengine tungoje tu siku zetu?

Mama Gody, Nyasho.

SHANGAZI NYANGI ANAJIBU

Mama Gody, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka.

Kabla ya wifi, kabla ya jumuiya, kabla ya kitu chochote: hicho kidole. Mtu mwenye sukari akikuta kidonda mguuni na hajui alijikata lini, hamwandikii Shangazi barua, anaenda hospitali. Mimi siyo daktari na siwezi kukitibu kidole kwenye gazeti. Ukisoma hapa, funga kibanda uende leo hii, mchele hautaoza. Umwonyeshe yule binti mpole, na umwambie pia kwamba umeacha kutembea, usimfiche. Yeye ndiye atakayekwambia lini uanze tena. Asiposema, usianze.

Na siku atakaposema anza, uanze kama mtu mwenye akili. Nani alikufundisha kutoka mbio, miaka hamsini na sita, tumbo tupu, una dawa za sukari mwilini? Ungeanguka kweli, na Jastin angekuwa sahihi kuulizia msiba. Kunywa uji kwanza, ungoje utulie. Raba za Gody mrudishie Gody, mguu wako siyo mguu wake, tafuta zinazokutosha na soksi safi, na kabla ya kuvaa uingize mkono ndani utoe kokoto. Jioni geuza nyayo uziangalie, na kama huoni vizuri kamata mtoto wa jirani aziangalie. Weka pipi mfukoni, ukisikia kutetemeka na jasho la ghafla kaa chini ule. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Rudi kwenye dakika tano hata kama moyo unakwambia ulikuwa umeshafika mbali. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuzunguka nyumba yangu, magoti yanalia, watoto wa mtaani wananihesabia, na sikufa kwa aibu.

Wasomi na watu wa ofisini unawaingiza wa nini? Wewe umelima muhogo na kubeba maji, mwili wako umetembea kuliko mwili wa bosi yeyote hapa Musoma. Ulichokosa ni sababu ya kutembea, na hiyo nakuelewa kabisa, sisi huku ukipita bila kuulizwa uendako utajiona umepita kama mbuzi. Ila ulichofanya ni kuchukua jina la mtu anayekupenda ukalitumia kama fimbo ya kutembelea.

Sasa tuje kwake. Wewe umeandika kwamba unajua kilichomkasirisha. Hujui, mama. Nimetafuta kwenye barua yako yote mahali ambapo Ursula amelalamika kwa kutajiwa ugonjwa, sijapaona. Mtu anayeogopa maneno hayo angewasimamisha wanawake kumi na tisa pale pale uani, na shoka mkononi, akawaambia mimi mzima, huyu ni mwongo. Alikuwa na haki. Badala yake alikuangalia usoni akaona umekwama, akashika kiuno, akaenda kukaa kwenye mkeka akaombewa maradhi ambayo hana, ili wewe usiaibike mbele ya wenzako. Huyo ndiye unayeniambia amekuchukia?

Alilia lini? Hakulia mlipoingia. Hakulia mlipomwekea mikono. Alilia aliposikia kwamba ulikuwa unakuja kila asubuhi. Na swali alilokuuliza nyuma ya jiko ni moja tu, ulikuwaga unafika wapi. Ukamjibu, mashineni. Nyumba ya nne kutoka kwake. Siku tisa, Mama Gody, umesimama pale unaona bati lake, simu ikalia, ukageuka ukarudi kwenye dagaa zako, halafu njia nzima unawaambia watu leo wifi amekula kidogo. Mama wa watu alikuwa hapo hapo anamwagilia mchicha. Kama ungepaza sauti angeitika. Mimi ningekuwa yeye sidhani kama ningepokea hiyo simu yako.

Na umenikasirisha na hao sato. Mtu umemnyima miguu yako miaka minne, unamtumia samaki kwa bodaboda?

Kuku usichinje. Kama Ursula mwenyewe atasema yale maneno yanamsumbua, mtakaa nyinyi wawili na wazee wenu mtajua la kufanya, sitawaingilia mila. Lakini usimzulie hofu ambayo hajaisema, ulishamzulia ugonjwa inatosha.

Jumuiya utawaambia. Anza na Getruda peke yake, nyumbani kwake, umweleze yote mpaka mbio za siku ya kwanza. Halafu Jumamosi usimame useme wifi yangu hakuumwa, mgonjwa nilikuwa mimi, nina sukari na niliona aibu kutembea. Watacheka, tena watacheka sana, na utakuwa Mama Mgonjwa wa Kigera mpaka Krismasi. Vumilia. Wameubeba mkaa kichwani kwa ajili ya uongo wako, kucheka ni haki yao. Ila sikiliza watakapomaliza kucheka. Katika wanawake kumi na tisa wa umri wenu, hao wenye presha na wanaochomwa miguu kimya kimya hawapungui watano, na mmoja wao atakuuliza mnatoka saa ngapi.

Bunda usiende. Namheshimu mwanao, ana moyo mzuri, lakini mtu aliyeambiwa na daktari atembee huwezi kumtunza kwa kumkalisha. Nenda ukamsalimie, kaa siku tatu, rudi. Aibu ukiikimbilia Bunda itapanda gari na wewe.

Kwa Ursula usingoje kidole kipone. Panda hiyo bodaboda ya Jastin, Jumapili baada ya misa, mikono mitupu, usibebe hata sukari ya chai. Piga hodi. Akichelewa kufungua, kaa kizingitini. Akifungua usianze na habari za ugonjwa na masikio yake, hizo hazimo. Mwambie, nilifika hapo mashineni siku tisa na sikuingia kwako, na kabla ya hapo miaka minne sikuingia, nimekukosea. Halafu unyamaze, hata akikufokea, hata akiendelea na kazi zake kama hajakuona. Akikupa jembe, palilia. Akikupa chai, kunywa bila sukari. Ukiona amekaa, mwombe awe anatembea na wewe siku utakaporuhusiwa, na akikataa uende kwake hivyo hivyo kila asubuhi, ubishe hodi, umsalimie, urudi.

Mlizaliwa nyumba tofauti, lakini Bernado aliwafanya ndugu na sasa hayupo. Yule mama alikuwa na kaka mmoja. Hapa duniani mtu wa kumwita wifi amebaki mmoja, na ni wewe.